Safu ya sifuri: kisa cha mwalimu mmoja na skrini thelathini

Chumba kilikuwa cha kawaida: meza ndefu zilizopangwa kwa mistari, kompyuta 30 za mezani, swichi moja ya mtandao ukutani, na meza ya mwalimu mbele. Wanafunzi walielekea mbele, kwa hiyo mwalimu akisimama kwenye nafasi yake aliona migongo ya skrini na nyuso zilizoinama. Kilichokuwa kikitendeka kwenye skrini zenyewe hakukijua mpaka azunguke.

Somo lilikuwa lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta la safu na seli linalojikokotoa, kama la Excel. Zoezi: bei za bidhaa zimo safu B, kiwango cha kodi kimo seli E1, na mwanafunzi ajaze safu C kwa fomula itakayotoa kodi ya kila bidhaa. Mwalimu alieleza ubaoni, akawaachia wafanye. Haikupita muda sauti zikaanza. “Mwalimu, yangu imegoma!” Anakwenda kwa aliyeita, kabla hajamaliza, mwingine anaita kutoka pembe ya pili. Hivyo ndivyo kipindi kilivyokwisha. Wenye sauti walihudumiwa. Wasioita walibaki na skrini zao, na kati ya hao walikuwamo waliokwama kuliko wote.

Uongozi wa shule ulitaka programu ya kusimamia darasa la kompyuta ili kukomesha michezo. Mwalimu alikuwa na haja nyingine: kumjua aliyekwama kabla kengele haijalia. Niliitwa kusaidia kuiweka programu hiyo na kisha kukaa darasani kuangalia inavyotumika. Nilichokiona kimenishawishi kwamba haja ya pili ndiyo inayostahili kuongoza, na kwamba ikipuuzwa, programu hizi hugeuka kuwa kazi ya ulinzi anayopewa mtu aliyeajiriwa kufundisha.

Tulichagua Veyon. Ni programu huria isiyo na malipo, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na ni mrithi wa iTALC ambayo maabara nyingi za shule zimewahi kuitumia. Zipo nyingine: NetSupport School na LanSchool kwa wanaonunua leseni, Epoptes kwa maabara za Linux, Apple Classroom kwa wenye iPad. Ninayoyasema hapa yanazihusu karibu zote, maana kazi zake za msingi zinafanana: kuona skrini zote kwa pamoja, kurusha skrini ya mwalimu kwa wanafunzi, kufunga skrini, kuingia kwenye kompyuta ya mwanafunzi kwa mbali, kutuma ujumbe na mafaili, kuzima na kuwasha mashine.

Kuiweka si kazi kubwa, ila kuna mambo mawili ambayo yakikosewa yanaharibu kila kitu. Kompyuta za wanafunzi huwekewa huduma inayosubiri maunganisho, na ya mwalimu huwekewa sehemu ya uongozi. Namna ya kuthibitisha kwamba anayeunganisha ni mwalimu kweli tuliiweka kwa jozi ya funguo, yaani mafaili mawili ya utambulisho yanayokwenda pamoja: ufunguo wa siri unakaa kwenye kompyuta ya mwalimu peke yake, ufunguo wa umma unasambazwa kwenye kompyuta za wanafunzi. Fundi mwenye haraka hunakili folda nzima ya funguo kwenye mashine zote, na kwa nje kila kitu huonekana kinafanya kazi. Lakini mwanafunzi mdadisi akiukuta ufunguo wa siri kwenye mashine yake anaweza kumtazama na kumwongoza mwenzake yeyote. Jambo la pili ni akaunti: mwanafunzi akiingia na akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, ataizima huduma hiyo siku atakayojua jina lake. Mengine ni ya kawaida. Milango ya mtandao inayohitajika ifunguliwe kwenye faiwoli, kinga inayozuia maunganisho yasiyoruhusiwa, na kompyuta zitambuliwe kwa majina yake, kwa kuwa anwani za mtandao zinazogawiwa na ruta zinaweza kubadilika na kumfanya mwalimu amwone Kompyuta 7 akidhani ni Kompyuta 12.

Vipindi vya mwanzo vilitulia kwa namna iliyofurahisha uongozi. Mwalimu alikaa kwenye kiti chake, akatazama vijipicha 30 vya skrini, na mara alipoona mchezo au video aliifunga skrini ya mhusika. Baada ya mara chache michezo ikaisha. Chumba kikawa kimya, sauti za “imegoma” zikapungua, na safu C kwenye vijipicha zikawa zimejaa namba kutoka juu hadi chini.

Namba hizo ndizo kiini cha kisa hiki.

Fomula sahihi ya zoezi lile ni =B2*$E$1. Alama za dola zinaishikilia E1 isisogee fomula inaponakiliwa kwenda chini. Mwanafunzi asiyelielewa hilo huandika =B2*E1, na mstari wa kwanza hutoka sawasawa, bila dalili yoyote ya kosa. Akiivuta chini, mstari unaofuata unakuwa =B3*E2, wa baada yake =B4*E3, na kwa kuwa E2 na E3 ni tupu, safu nzima iliyobaki inakuwa sifuri. Hapo mwanafunzi ana njia mbili. Anaweza kuita, na aliyeita sasa anajulikana kuwa ameshindwa. Au anaweza kufungua kikokotoo, akakokotoa bidhaa moja baada ya nyingine, akaandika majibu yote kwa mkono, hata la mstari wa kwanza. Chumba kilipokuwa kimya na mwalimu akiwa ameketi mbele kama msimamizi wa mtihani, wengi walichagua njia ya pili.

Ukiwa kwenye kompyuta ya mwalimu huwezi kuona tofauti. Namba iliyotolewa na fomula na namba iliyoandikwa kwa mkono zinafanana kabisa kwenye kijipicha, na zinafanana hata ukikikuza kijipicha kijae skrini nzima. Mwalimu aligundua alipokusanya mafaili na kubadili kiwango cha kodi kwenye E1: mafaili machache yalijikokotoa upya, mengi yakabaki vilevile. Darasa lililoonekana limemaliza zoezi lilikuwa halijajifunza hata sehemu ile moja ambayo zoezi lilitungwa kwa ajili yake.

Hapa watu hukimbilia kuilaumu programu, au kumlaumu mwalimu kwa kukaa kitini. Mimi naona kosa liko kwingine. Programu ilitimiza ahadi yake: ilionyesha skrini. Zoezi ndilo lililotungwa kwa namna ambayo aliyeelewa na ambaye hajaelewa wanaishia na skrini ya namna moja, na kama hiyo ndiyo hali, kuziona skrini zote kwa pamoja hakukuongezei maarifa yoyote.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa madogo na yalifaa sana. Katikati ya zoezi mwalimu alisema, “Kila mmoja abadili E1 iwe 0.2,” akatazama vijipicha. Safu zilizogeuka namba zilikuwa za waliotumia fomula vizuri. Zilizobaki vilevile zilikuwa za walioandika kwa mkono. Zenye jibu moja juu na sifuri chini zilikuwa za waliosahau dola. Kwa mtazamo mmoja alipata makundi matatu, na makundi hayo mawili ya waliokwama hayahitaji msaada uleule. Aliyesahau dola anahitaji kuonyeshwa nini kinatokea fomula inaposogea. Aliyeandika kwa mkono bado hajaona kwa nini mtu ahangaike na fomula hata kidogo, na kumwambia habari za dola ni kumrukisha hatua.

Ili vijipicha visomeke, alizoesha darasa kukuza lahajedwali hadi asilimia 200 kabla ya kuanza. Mara nyingine aliwaambia wabonyeze Ctrl pamoja na kitufe cha alama ya ` kilicho chini ya Esc kwenye kibodi nyingi, ambacho kwenye Excel na LibreOffice Calc huonyesha fomula zenyewe badala ya majibu. Nilipendekeza pia faili la kuanzia ambamo safu C hugeuka kijani seli ikiwa na fomula, kwa kutumia kitendakazi ISFORMULA kilichomo kwenye Excel tangu toleo la 2013 na pia kwenye Calc. Rangi huonekana hata kwenye kijipicha kidogo. Alilijaribu, kisha akarudi kwenye kubadili E1, na nadhani alikuwa sahihi: rangi humwambia mwalimu tu, lakini namba zinapokataa kubadilika, mwanafunzi mwenyewe huona kwamba kazi yake haiko hai.

Kurusha skrini nako kulihitaji kufikiriwa upya. Veyon inaweza kuijaza skrini ya mwanafunzi kwa picha ya kompyuta ya mwalimu huku kibodi na kipanya chake vikiwa vimefungwa, au kuiweka picha hiyo kwenye dirisha ili mwanafunzi aendelee kufanya kazi pembeni. Mwanzoni mwalimu alitumia namna ya kwanza na kuonyesha zoezi zima kutoka kufungua faili hadi kuhifadhi. Wanafunzi walitazama kwa utulivu, skrini zikafunguliwa, na wengi hawakukumbuka zaidi ya hatua za mwanzo. Hilo halishangazi. Nelson Cowan, mtafiti wa kumbukumbu, alionyesha mwaka 2001 kwamba kumbukumbu ya kufanyia kazi hubeba takriban vitu vinne kwa wakati mmoja; onyesho la hatua tisa au kumi kwa mtu ambaye zote ni ngeni kwake linamwagika kabla hajashika kipanya. Namna ya dirisha inasaidia kwa nadharia, lakini kwenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, dirisha la mwalimu na lahajedwali la mwanafunzi vinabanana hadi hakuna kinachosomeka.

Alichofanya ni kufupisha. Onyesho la skrini nzima likawa la hatua mbili au tatu, likikomea mahali ambapo mwanafunzi ana jambo la kufanya mara moja. Anafunga onyesho, wanafanya, anatazama vijipicha, anarusha tena. Kubadilishana huku ndiko programu inakokurahisisha kuliko projekta, kwa sababu kila mwanafunzi anaona maandishi kwa ukubwa uleule, hata aliyekaa nyuma, na kwa sababu ukifunga onyesho kila mkono unarudi kwenye kibodi bila kupiga kelele za “haya, sasa fanyeni.”

Toleo tulilotumia liliruhusu pia kurusha skrini ya mwanafunzi kwa darasa zima. Ni zana nzuri kwa kazi nzuri. Kwa makosa sikubaliani nayo, na mwalimu alifikia uamuzi huohuo bila mimi: alilichukua kosa, akaliandika upya kwenye faili lake mwenyewe, akalirusha kama lake. “Nimeandika hivi, nimevuta chini, nimepata sifuri. Kwa nini?” Kosa linajadiliwa na darasa zima, na mwenye nalo anajifunza bila kuanikwa.

Kuna suala la mtandao ambalo liliharibu kipindi kizima kimoja, na lafaa lielezwe. Onyesho lilikuwa likikatika, skrini za nyuma zikichelewa. Hesabu yake ni hii: picha moja kamili ya pikseli 1366 kwa 768, kila pikseli ikichukua baiti 4, ni kama megabaiti 4.2. Programu ya aina hii humpelekea kila mwanafunzi nakala yake, kwa hiyo kwa kompyuta 30 ni takriban megabaiti 126. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde, anaoutumia mwalimu kutoa nakala zote hizo, hupitisha megabaiti 12.5 kwa sekunde (baiti moja ni biti 8), yaani picha moja isiyobanwa ingechukua sekunde 10 kuwafikia wote. Kinachookoa ni kwamba data hubanwa, na kwamba sehemu zilizobadilika tu ndizo zinazotumwa. Kuandika kwenye seli moja hubadilisha kipande kidogo sana cha skrini. Kuteremsha ukurasa mrefu hubadilisha karibu skrini nzima, na video hufanya hivyo mara nyingi kila sekunde. Kwa hiyo: picha ya nyuma ya skrini iwe rangi moja, madoido ya madirisha yazimwe, na video isirushwe kamwe, itumwe kama faili kila mmoja aifungue kwake. Laptop zilizoongezwa baadaye kwa Wi-Fi ziliteseka zaidi, kwa kuwa zote zinagawana hewa ileile. Hizo mwalimu alizikalisha karibu na projekta ya zamani, onyesho lifuatwe huko.

Kuhusu kuingia kwenye kompyuta ya mwanafunzi kwa mbali nina msimamo mkali kuliko mambo mengine yote hapa. Ni kitufe kinachovutia: mwalimu anaona kosa, anabofya, anarekebisha, anatoka. Mwanafunzi anaona kishale kikitembea chenyewe na fomula ikitokea. Nilimuuliza mmoja baada ya tukio kama hilo fomula yake inafanyaje kazi, akajibu, “Sijui, Mwalimu amenifanyia.” Tangu hapo mwalimu alijiwekea sheria: akiingia kwa mbali haandiki chochote. Anakisogeza kishale juu ya seli yenye tatizo, anakiacha hapo, anamtumia ujumbe mfupi wenye swali: “Mstari huu unasoma seli gani?” Vidole vinavyoandika vibaki vya mwanafunzi. Na mara nyingi zaidi, akishajua nani amekwama na amekwama wapi, anasimama tu na kwenda kukaa karibu naye. Programu imemfupishia safari ya kumtafuta. Mazungumzo yenyewe hufanyika vizuri zaidi ana kwa ana.

Basi michezo? Sisemi haijalishi. Faria Sana, Tina Weston na Nicholas Cepeda walichapisha mwaka 2013 utafiti uliofanyika Canada: wanafunzi waliofanya mambo mengine kwenye laptop wakati wa mhadhara walipata alama pungufu kwa takriban asilimia 11, na waliokaa mahali ambapo skrini za namna hiyo zinaonekana, wao wenyewe wakiandika kwa kalamu, walipungukiwa kwa takriban asilimia 17. Skrini yenye mchezo inamdhuru jirani pia, kwa hiyo kuifunga ni haki ya jirani. Lakini katika darasa hili, ukifuatilia nani anacheza na lini, walikuwa wa aina mbili: waliomaliza mapema na hawakupewa kitu kingine, na waliokata tamaa kwenye sifuri ya kwanza. Wa kwanza walipewa sehemu ya pili ya zoezi, yenye viwango viwili vya kodi, ikitumwa kama faili mara tu safu yao inapogeuka vizuri. Wa pili walifikiwa mapema. Baada ya hapo kitufe cha kufunga skrini kilitumika zaidi kuvuta macho ya wote kabla ya maelezo mafupi kuliko kumwadhibu mtu. Hili linakubaliana na alichokiona Jacob Kounin, aliyechapisha mwaka 1970 matokeo ya kulinganisha walimu madarasani: namna mwalimu anavyokaripia ilileta tofauti ndogo, ila namna anavyoendesha somo, na wanafunzi kujua kwamba mwalimu anafahamu kinachoendelea, vilileta tofauti kubwa.

Wanafunzi waliambiwa tangu mwanzo. Mwalimu aliirusha skrini yake mwenyewe, akawaonyesha vijipicha vyao, akawaeleza anaona nini na lini, na kwamba nje ya kipindi huduma hiyo haitumiki. Veyon inaweza kuwekwa itoe taarifa kwenye kompyuta ya mwanafunzi inapounganishwa, na tuliiacha ikiwa imewashwa. Uwazi huu una uzito wake. Mwaka 2010 wilaya ya shule ya Lower Merion, Pennsylvania, Marekani, ilishtakiwa baada ya kubainika kwamba laptop walizopewa wanafunzi kwenda nazo nyumbani zilikuwa zikipiga picha kwa kamera bila wao kujua. Shauri liliishia kwa makubaliano ya dola 610,000 mwaka huohuo. Programu ilikuwa ya aina nyingine na lengo lililotajwa lilikuwa kufuatilia mashine zilizopotea, lakini mzazi akisikia “mwalimu anaona skrini ya mtoto wako” hilo ndilo analoliwazia, na ana haki ya kujibiwa kabla hajauliza. Kwa sababu hiyo sikubali huduma hizi ziwekwe kwenye mashine zinazotoka nje ya maabara, wala picha za skrini zihifadhiwe bila sababu iliyoandikwa.

Lililobaki bila ufumbuzi kamili ni la mashine zenye wanafunzi wawili. Siku mashine kadhaa zilipoharibika, baadhi walikaa wawili wawili, na vijipicha vyao vilikuwa vizuri kuliko vya wote. Kijipicha hakisemi ni nani kati ya wawili hao anayefikiri. Sasa mwalimu hutuma ujumbe kwa mashine hizo tu, kila baada ya dakika kama kumi: badilishaneni kibodi, na asiyeandika ndiye aseme cha kuandika. Halafu hubadili E1 kwa darasa zima na kutazama nini kinatokea dakika zinazofuata mabadilishano. Safu iliyokuwa ikienda vizuri ikisimama ghafla, anajua kati ya wawili hao ni yupi wa kuanza naye, na huyo ndiye anayemwendea kwanza.